Mwito Ndani ya Hedfoni ya Zamani

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Nimezima mtambo unaoitia umeme, nikangoja umeme uishe ndani, ndipo nikafungua hedfoni ya zamani. Marehemu mume wangu, Ramadhani, aliwahi kupigwa na umeme wake akatupwa chini, kwa pupa yake. Haina sumaku kama nyingine. Ndani mna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Unatiwa umeme mkali, unatetema, unatoa sauti. Vumbi la mtaa wetu wa Ng'ambo ndilo adui yake. Nimelipuliza kwa pampu ya baiskeli, kwa mbali. Sikio la kushoto bado linafifia. Unyevu huo, mvua zimeanza. Nimeifungia kwenye debe la mchele mkavu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimelinganisha jozi mbili, kama alivyonifundisha Ramadhani. Ya zamani aliachiwa na Mzungu wa reli aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Ina sauti laini, besi haba. Ya pili ni changa, besi nzito, kila kitu wazi. Mkanda uleule: ngoma ya harusi ya wifi yangu. Kijiji kizima kimo humo isipokuwa Ramadhani. Ndiye aliyerekodi, na mshika maikrofoni hasemi. Miaka yote ile kanasa sauti za watu, yake hakuniachia hata kikohozi. Linaniudhi hilo kuliko kifo chenyewe.

Katika ile ya zamani, nyuma ya ngoma, mtu kaniita. "Zaina." Mara moja. Nikarudisha mkanda, nikavaa ile changa. Hakuna. Ya zamani tena. "Zaina."

Ni yeye. Salaale!

Sikuitika. Bibi alitulea hivyo: ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo, ngoja mwito wa pili. Binadamu huita mara mbili. Kinachoita mara moja, mwenyewe unakijua.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimetoa mkanda kwenye rikoda. Nimewasha mtambo mtupu. Kaita vilevile.

Basi si mkanda. Naogopa, na bado nimevaa tena, mpumbavu mimi. Aite mara ya pili tu, nimwitike.

Jumapili, 10 Novemba

Mama mkwe, Bi Tatu, kanifuma nalia. Yuko kwangu tangu kijiji chao, upande wa Igalula, kihamishwe. Watu walipakiwa kwenye malori na vyungu vyao, wakapelekwa kijiji cha ujamaa. Makaburi hayakupakiwa. Ramadhani kabaki kwenye mahame peke yake. Bi Tatu halisemi hilo, ila kila akila hubakiza tonge sahanini.

Nimemweleza. Hakushtuka. Kasema, "Lete hicho kidubwasha nimsikie mwanangu." Nikamwambia utando haujakauka. Uongo mtupu. Nimemwonea wivu mama wa watu.

Jumatano, 13 Novemba

Sikio la kushoto linatoa cheche. Harufu ya kuungua. Utando huu hauna siku nyingi. Naweza kuweka mpya, sauti itasafika, lakini nani ajuaye kama atabaki humo?

Nimevaa. Kaita mara moja. Nimengoja mpaka jasho limelowesha sponji. Kimya. Niite tena, baba, niite tena. Kimya.

Nikatoka kuchota maji. Kurudi, Bi Tatu kaketi kwenye kiti changu, hedfoni juu ya mtandio, midomo inamcheza.

"Ee, mwanangu," kasema. "Mama nipo."

Ndoo ikaniponyoka. "Mama! Umeitika mwito wa kwanza!"

Kanitazama kama anavyotazamwa mtoto mjinga. "Sasa mama ndiyo angoje wa pili?"

Jumamosi, 16 Novemba

Cheche zimekoma zenyewe. Sikio la kushoto limepona, sijui kwa dawa gani. Nimelinganisha tena jozi zote mbili. Ngoma, vigelegele, vishindo vya miguu. Hakuna anayeita, si katika hii wala ile.

Bi Tatu yuko barazani anachambua mchele wa lile debe. Mchana kala sahani yote, hakubakiza tonge. Kajisogeza ukingoni mwa mkeka, kaacha nafasi ya mtu kukaa. Anaongea chinichini. Ananyamaza. Anacheka kama aliyejibiwa.

Subira yavuta heri, eti. Hovyo.

Nimewasha mtambo mtupu. Nimevaa ile ya zamani. Nimesema, "Abee." Nimesema tena, kwa sauti. Nimesikia damu yangu tu masikioni.

Nimevua. Bi Tatu kasema kutoka barazani, bila kugeuka, kwa upole kabisa:

"Anasema ulikawia."

Nimezima mtambo. Nimengoja umeme uishe, kisha nimeifunika hedfoni kwa kitambaa.