Magoti ya Mgeni Garissa

Njoroge jirani yangu,

Salamu kutoka kwetu Garissa, kwenye joto la kuyeyusha sabuni. Wewe unayeita macawis yangu, shuka yetu ya kujifunga kiunoni, sketi kila nikiianika hapo Nakuru, hebu sikiliza.

Harusini kwa kaka yangu alikuja mwalimu mwenzake, Mskoti, amevaa kilti, vazi la mistari la wanaume wa kwao, kama sketi inayoishia magotini. Nikakaa roho juu nikingoja vicheko. Hakuna aliyecheka! Mjomba wangu, Abti Farah, alimuuliza tu, "Wewe ukoo yako ni gani?"

Mgeni akagusa ile mistari. "Hii ndiyo ya ukoo wetu."

Wazee wakampisha mkekani, karibu kabisa na sinia la mbuzi. Shida ilikuwa magoti, maana kwetu mwanamume hayaachi wazi mbele za watu. Abti akavua shali yake begani, akamfunika. "Nguo ni mzuri," akamwambia. "Lakini fundi yako alikunyima kitambaa."

Nakuletea macawis ya kijani, inafika kifundoni. Jumapili tutasimama langoni wawili, tumezifunga, na atakayecheka tutamuuliza ukoo wake.

Wabusu watoto.

Abdi wako