Mtungi wa Mlangoni

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa uani, maana jiko halipo tena. Liliungua siku ileile tuliyokuzika.

Nimeona nikuambie mwenyewe. Hakuna aliyeumia, na nyumba kubwa imesimama. Zimekwenda mbegu zako, yale mahindi uliyoyaning'iniza juu ya mafiga yapate moshi. Mvua zimekaribia na sina hata punje ya kupanda. Mwanao, mume wangu, bado yuko kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia, hajui lolote.

Watu wa msiba walikuja wengi, wengine kwa miguu kutoka ng'ambo ya mpaka, jua kali. Wakaukuta mtungi wako mlangoni pa jiko, umejaa, kata juu yake. Wakanywa. Mama, nani angemnyima maji mtu aliyekuja kulia? Ndani, wapishi walikuwa wamekoka moto mkubwa kwa ajili ya ugali wa wageni, moto ambao wewe usingeuruhusu. Upepo ukaingia, cheche zikapanda kwenye nyasi za paa. Shangazi Eliza akaukimbilia mtungi, akauinamisha. Yakatoka matone.

Watu wakaangua kilio upya. Mimi sikulia. Hata kaburini sikulia, na mawifi wanasema mkamwana huyu ana moyo wa jiwe. Waache waseme. Nafagia, natwanga, nalala, na sisikii kitu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifoka mtoto akigusa ile kata? "Hayo ya nyumba, siyo ya watu! Mwenye kiu aende mtoni!" Mwanao na mimi tulikuita askari wa mtungi, tukidhani husikii. Nadhani ulisikia.

Juzi jirani yetu Mama Yakobo kaleta kikapu cha mahindi. Anasema ni uzao wa mbegu uliyompa wewe mwaka ule wa njaa. Nimeyapokea, nikashindwa hata kushukuru vizuri.

Jana nimeweka mtungi mpya. Leo mchana mjukuu wako Tusa akachovya kata, nikasikia mtu anafoka, "Hayo ya nyumba, siyo ya watu!" Nikageuka kukutafuta. Kumbe ni mimi. Nikakaa chini nikalia, mpaka mtoto akaogopa akayarudisha maji.

Lala, Mama. Mvua ya kwanza nitapanda. Na mtungi umejaa mpaka shingoni. Nikiwa hai, hautakauka.

Mkamwana wako,
Neema