Uso wa Shangazi

Chumba cha Nyuma, Kwenye Cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijino,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko uliko? Natumaini kifua kimepona, na kwamba wifi hakuruhusu kutoka bila sweta, maana ukaidi wako naujua tangu ukiwa na jino moja. Watoto je, wanasoma au wanakutia wazimu tu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia sare za shule mchana kutwa.

Umeniuliza zaidi ya mara moja jinsi Shangazi alivyofariki, na kila mara nimekujibu kwamba aliondoka kwa amani. Nilikudanganya. Yeye ndiye aliyetulea sisi wawili baada ya wazazi kututoka, kwa hiyo una haki ya kujua, hata kama ukishasoma hutataka tena kuniita dada.

Unakumbuka kile kidonda cha taya. Mwezi wa mwisho, akiwa amelazwa hospitali, kilikuwa kimekula shavu lote la kushoto. Nilimshonea vitambaa vyeupe vya kufunika, vyenye kamba za kufunga nyuma ya kichwa, na hata nesi alipokuja kumsafisha, Shangazi alitaka pazia livutwe kwanza. Unamjua alivyokuwa, mwanamke wa kujipaka mafuta hata anapokwenda kumwaga taka.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kutembelea wagonjwa kanisani. Zamani tulikwenda wodini kila Jumamosi na sabuni na sukari, tunaomba, tunawakata kucha wasiojiweza, tunarudi makwetu. Mchungaji wetu mpya, kijana mwenye bidii na wala si mtu mbaya, akasema huduma isiyoonekana kwenye simu, watu wa leo hawaijui. Kila ziara iwe na picha, na imfikie kabla ya jioni. Basi tukaanza kujipanga kando ya vitanda, sabuni tumeziinua, tunatabasamu karibu na watu wenye maumivu. Aliyekataa picha tulimwombea harakaharaka tukasogea kitanda kingine.

Shangazi alikataa mara mbili. "Njooni mniombee," alisema, "lakini hizo simu ziacheni huko mlangoni." Wenzangu walicheka. Mimi niliona aibu, katibu mzima nimeshindwa na shangazi yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta amelala kwa sindano ya maumivu. Kitambaa kilikuwa kimeteremka mpaka shingoni. Nilipaswa kukipandisha. Badala yake nilitoa simu nikampiga picha, nikaituma pamoja na ule mstari wa Biblia wa kuwatazama wagonjwa. Wewe pia uliiona. Uliandika chini yake, "Amina, Mungu awabariki." Sikulaumu, hukujua ilivyopatikana.

Picha ikasambaa kupita tulivyotarajia. Kesho yake kanisani viti vya nyuma vilijaa sura ngeni, vijana tupu. Mchungaji akanisimamisha, nikapigiwa makofi. Nilifurahi, Kijino, siwezi kukuficha. Nilifurahi hata siku hiyo sikwenda kumwona.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa muuza mboga aliyevunjika mguu. Kwa nia njema kabisa akamwonyesha simu yake: "Mama, umeshakuwa maarufu!" Nilipofika Jumatatu, Shangazi alikuwa amejifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine.

"Nilikuwa nimebakiwa na uso wangu tu," akaniambia, "na huo umewagawia watu."

Akageukia ukutani.

Niliifuta picha, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi. Nilikwenda kila siku, siku kumi na moja. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, wagonjwa wote wakitazama, nikamwomba radhi. Maziwa aliyapokea kwa nesi, kwangu hapana. Mzee wa kanisa alipomletea ushirika alifumba mdomo. Alifariki asubuhi ya siku ya kumi na mbili bila kunitamkia neno jingine.

Kwenye ibada ya mazishi, ambayo wewe hukuweza kuifikia, nilikuta picha ileile kwenye skrini kubwa nyuma ya jeneza. Mchungaji akahubiri kwamba mama huyu aliwaleta vijana kwa Bwana akiwa kitandani. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Neno moja tu langu lingetosha izimwe, na sikulisema. Niliogopa watu.

Wiki iliyopita nilimweleza mchungaji kila kitu. Alilia, tena kwa dhati. Akaniombea, akaniambia nimesamehewa, halafu akapangusa macho akauliza kama ningekubali kuusimulia ushuhuda huo mbele ya kamera. Nimeacha ukatibu. Kanisa sijaliacha. Humo ndimo Shangazi alimotufundisha kuomba, na sina pengine pa kumpelekea Mungu mzigo huu.

Jana nilirudi wodini peke yangu, mikono mitupu, simu nimeiacha kwenye droo. Muuza mboga bado yupo, mguu umekataa kuunga. Aliponiona mlangoni alivuta shuka akajifunika uso. Nikamwambia, "Dada, sina simu." Nikamgeuzia mifuko ya gauni. Hakufunua. Nikavuta kiti nikakaa karibu na shuka ile mpaka tulipoambiwa muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.

Sikuandikii ili uniambie Mungu amenisamehe. Hilo nimeshaambiwa, na upesi mno. Niandikie unavyoniona wewe, hata kama ni mistari miwili, hata kama ni ya hasira.

Nisalimie wifi yangu sana, na baba mkwe wako mwenye utani usiokwisha. Watoto wakumbatie. Usiwaambie bado. Waache waendelee kunifurahia kwa muda, maana mimi ndiye shangazi waliye naye. Mungu awalinde nyote, na siku mtakayougua awaletee watu wenye huruma.

Wako akupendaye, ujibu usijibu,

Dada yako.