Madume ya Jojoba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Maua! Mwaka wa nne, na jojoba zangu zimetoa maua. Vichaka mia mbili na kumi hapa Kisawasawa, kwenye kipande cha mchanga na mawe ambacho mpunga ulikikataa tangu enzi za baba. Wacheke tena sasa. Eti Digna anapanda mti wa jangwani kwenye bonde la maji! Kaka Beatus alicheka kuliko wote. Tena akasema kwenye kikao cha ukoo: mwaka huu zisipozaa mbegu za kukamua mafuta, anang'oa zote apande kokoa. Nilikubali mbele ya watu. Siogopi.

Jumanne, 8 Julai

Nimekagua kichaka kimoja kimoja. Kumbe zina dume na jike, kama mipapai! Jike ana ua dogo la kijani, limeinama. Dume amejaa vishada vya njano, mbwembwe tupu, mzao hakuna. Sasa nani hajui dawa ya mpapai dume? Panga! Jana na leo nimefyeka madume mia na mbili. Kiganja kimechubuka. Matawi nimempa jirani yangu Minza, mbuzi wake wale. Majike yatapumua. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 12 Julai

Amira amekuja kutoka Ifakara. Ana duka la sabuni na mafuta ya nywele, anatengeneza mwenyewe, na ndiye aliyeahidi kununua mbegu. Nikamtembeza shambani kifua mbele. Akatazama, akatazama tena.

"Da Digna, madume yako wapi?"

"Nimefyeka yote!"

Akakaa juu ya jiwe. Akaeleza polepole kwamba ule unga wa njano wa dume hubebwa na upepo hadi kwa jike, na bila huo hakuna mbegu hata moja. Nikambishia! Nikamwambia mipapai nimekata tangu utoto, na mapapai tumekula.

"Mipapai yako ilisaidiwa na dume la jirani, dada. Jojoba jirani yako gani kapanda?"

Hakuna hata mmoja! Nimejiloga kwa mkono wangu mwenyewe.

Amira akasema unga mkavu huenda bado una uhai, kama haukulowa. Nikakimbia kwa Minza. Mbuzi wamekula karibu yote — mzigo mmoja tu umebaki, ameezekea banda la kuku. Nikapanda kushusha mwenyewe. Nilipoutikisa, vumbi la njano likanimwagikia usoni. Nikalia, kwa hasira na kwa furaha.

Jumapili, 13 Julai

Nimekosa misa. Mungu anajua nilipo. Tangu alfajiri nazunguka na matawi makavu, napukutisha unga juu ya kila ua. Beatus kanifuata baada ya kanisa kuona kama naumwa. Hata shikamoo sikumwamkia. Akauliza, nimeanza uganga lini?

Uongo ulikuwa tayari ulimini: ni dawa ya wadudu. Nikaumeza. Nikamwambia yote, madume, panga, mbuzi. Nikasema, nimekosea, kaka. Neno hilo hajawahi kulisikia kwangu.

Akacheka! Akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikatamani kumrushia ndoo. Kisha akavua koti.

"Hata mimi ningefyeka," akasema. "Ila makubaliano ya kikao yako palepale. Bila mbegu, ni kokoa."

Akachukua tawi.

Nimekaa juu ya ndoo nipumzike, daftari magotini. Majike arobaini bado, matawi matatu tu yamebaki. Sijui kama unga huu una uhai. Nasema unao. Upepo nao ndio unaanza, na Beatus na shati lake la kanisani anapiga kichaka kama anaua nyoka — polepole, wewe! Atamaliza unga w—