Sauti ya Mama Ndani ya Ngome

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua. Nimepiga pasi blauzi mbili za kazi, stima ikapotea nikiwa kwa ya tatu. Kesho ni sweta juu, hakuna atakayejua.

Ndugu yangu Wafula amekuja kula tena. Ana nyumba yake Kware, ghorofa ya tano, ana jiko na sufuria. Lakini akifunga bucha pale soko la Burma, miguu inamleta hapa Kaloleni kwa Mama. Leo hata mboga hakuona. Ule mchezo wa video anaocheza na wenzake, wa kujenga miji na kupigana vita, Ngome, unaongezewa mataifa matatu mapya. Wenye mchezo hawajataja majina. Wametoa picha ya vivuli vitatu tu: ngoma, fahali, na ukuta wa udongo wenye mlango mwembamba wa kuinama. Basi. Watu wazima na ndevu zao wanazozana kwenye grupu lao la simu tangu asubuhi. Huyu anasema Buganda, yule Kongo, mwingine Zimbabwe ya kale. Wafula anasema ukuta ule ni wetu sisi Wabukusu. Wazee walijizungushia kuta kama hizo kule chini ya Mlima Elgon, na mlango ulikuwa mwembamba ili adui aingie mmoja mmoja, kichwa kwanza. Amemweleza Mama yote hayo huku ugali unapoa. Mama akasema mm.

Yuko sawa. Hilo ndilo tatizo langu.

Naandika hapa kwa sababu siruhusiwi kusema popote. Mwezi wa kwanza nilipata kazi ya pembeni ya kutafsiri maneno ya mchezo huo. Wakaniomba pia nitafute mama mtu mzima anayesema Kibukusu kisichochanganywa na kitu. Nikamtoa wangu. Wakulima wanawake wote wa taifa letu mle ndani wana sauti ya Mama. Tulitia sahihi karatasi: hakuna kumwambia mtu, hata wa nyumbani, mpaka watangaze wao. Habari ikivuja kupitia kwetu, sauti inatolewa na anatafutwa mwingine. Wafula nilimdanganya kwamba Mama anarekodi tangazo la redio la mbegu za mahindi. Aliamini hapo hapo. Nilijisikia mchafu.

Jumatano, 5 Machi

Tumerudia mistari miwili ya mwisho. Rekodi ya kwanza ilikuwa imeingiliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Mama anarekodia ndani ya kabati, katikati ya makoti ya Baba ya kazi ya reli, maana yanameza kelele. Mimi niko nje nimeshika mlango. Anatoka na jasho, anacheka peke yake.

Sijamwona hivi tangu Baba afariki. Nyumba hii ilikuwa na watu wawili waliosema lugha hiyo. Sasa yuko mmoja. Mimi humjibu kwa Kiswahili, Wafula kwa Sheng. Miaka mitatu mama yangu anasalimia ukuta. Halafu watu wa mbali wanakuja kumwomba aseme, tena aseme polepole, tena vile vile alivyosema bibi yake. Sauti hiyo ikitolewa kwa sababu ya mdomo wa mtu, sijui nitamtazama vipi.

Ijumaa, 7 Machi

Wafula alinitia kwenye grupu lao ili nimwone akishinda. Huwa sisemi kitu, nasoma tu. Leo wamemkaanga. Eti Waluhya, ambao sisi Wabukusu ni tawi lao, wakiingia mchezoni silaha yao itakuwa mwiko wa ugali. Eti ngome yao inaangushwa kwa kuku mmoja, unamwachilia mlangoni, jeshi zima linatoka kumkimbiza. Nimecheka, siwezi kusema uongo. Mbaya zaidi ni mmoja anayejiita Jenerali, wa mtaa wa Pipeline, ambaye hoja zake zote ni Buganda.

Wafula ana hasira za karibu. Ameweka ahadi mbele ya watu wote: akikosea, au akirudi nyuma, atauza nyama Jumamosi nzima pale Burma akiwa na dastikoti, lile koti jeupe la kazi, lililoandikwa mgongoni NILIKOSEA. Wakamwambia aanze kutafuta kalamu ya wino mzito. Nalala kwa raha. Hilo dastikoti halitavaliwa, najua mwisho wa hadithi.

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu. Mama.

Ibada ilifika kwa ushuhuda. Nilikuwa nimeinama natafuta sadaka kwenye mkoba. Nikasikia sauti ninayoijua. Mama amesimama, leso mkononi, anamshukuru Mungu ambaye hasahau wajane. Kwamba katika uzee wake watu wa ng'ambo wamechukua sauti yake, kwa lugha aliyozaliwa nayo, wakaitia katika ule mchezo wa vita ambao Wafula wake hucheza. Kanisa zima likapiga makofi. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki nimeinama.

Na ibada inarushwa mtandaoni moja kwa moja. Dada Rispa husimama pale kando ya kinanda na simu yake kila Jumapili.

Nilipomuuliza Mama njiani, hakuona kosa. Karatasi ilisema asimwambie mtu. Yeye amemwambia Mungu. Baraka ukiificha unaonekana umeiiba. Sikubishana naye, kwa sababu amelelewa hivyo na mimi nimelelewa hivyo, na mwenye akili nilikuwa mimi, ningemkumbusha asubuhi kabla hatujatoka. Dada Rispa alikuwa ameshaondoka kwenda matangani, simu imezimwa. Jioni hii video bado iko. Watu arobaini na mmoja wameitazama. Nimehesabu mara sita, kama vile kuhesabu kunawapunguza.

Wafula hakuja kula. Jumapili huja siku zote.

Jumatatu, 10 Machi

Video imeondolewa! Niliamka, nikaitafuta, haipo. Dada Rispa lazima aliona jumbe zangu. Nimemtumia shukrani, akajibu kwa neno moja tu, amina. Nimekunywa chai na mandazi mawili. Kazini, kule kiwandani, nimeandika risiti za magodoro kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida.

Jumatano, 12 Machi

Nilishukuru mapema. Jenerali ameandika kwenye grupu kwamba shangazi yake anaabudu Kaloleni, na kwamba mama fulani alisimama kanisani akasema sauti yake imetiwa ndani ya mchezo wa vita. Anauliza kama kuna mtu anajua ni mchezo gani. Ni lugha gani huyo mama huongea. Grupu likawaka moto. Mmoja akasema hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka, aipeleke kwa wale wanaofichua siri za michezo, watu maelfu wataiona kabla ya asubuhi.

Nilikaa juu ya ndoo bafuni.

Baada ya dakika chache tu, Wafula akajibu. Aliandika: "Huyo ni mamangu. Ni tangazo la mbegu za mahindi, mathe huchanganya mambo. Na mimi pia nilichanganya. Ule ukuta si wa kwetu. Nimerudi nyuma, Jumamosi mje Burma."

Halafu vicheko kama mvua ya mawe. Mpaka Jenerali akasahau shangazi yake. Wanaulizana nani ataleta kamera.

Uongo wangu wa mbegu umetuokoa. Na uongo huo huo umemvunja moyo ndugu yangu. Alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, watu wetu waonekane mahali, na mimi nimemfanya aamini haiwezekani. Nilitaka kumpigia nimwambie. Nikashika simu. Nikaiweka chini.

Alhamisi, 13 Machi

Barua pepe kutoka kwa wenye mchezo. Mistari miwili. Wanataka kuzungumza nami Jumanne kuhusu sauti ya mama yangu.

Hawakusema ni nini. Wameshasikia. Kuna mtu kati ya wale arobaini na mmoja aliyepeleka.

Sijamwambia Mama. Leo alikuwa anafanya mazoezi ya kusema "Mulembe", salamu yetu ya amani, kwa sauti ya msichana, kisha ya mwanamke, kisha ya bibi kizee. Ameniuliza ipi ni nzuri. Nikasema zote. Nikaenda kukata vitunguu ili nipate sababu ya machozi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipita Burma saa sita, eti nanunua nyama. Grupu zima liko pale. Wanaume tisa wanakula choma na kachumbari, wanampiga picha. Wafula yuko nyuma ya kigogo cha kukatia, dastikoti jeupe, NILIKOSEA kutoka bega hadi bega. Wateja wasiojua lolote wanamuuliza amekosea nini, bei? Anawajibu amekosea historia. Anakata mbavu, anacheka nao. Lakini masikio yalikuwa mekundu hata kwa rangi yetu.

Nikasimama pale na kikapu. Neno moja kutoka kwangu lingemvua lile koti. Aliponiona akauliza nataka ngapi. Nikasema kilo. Akapima kilo kamili, hakuongeza hata kipande, maana Wafula hajawahi kumpa mtu nyongeza, hata dada yake. Nilijichukia njia nzima hadi nyumbani. Nyama sikuila.

Jumanne, 18 Machi

Walipiga saa tatu asubuhi. Nilijifungia kwenye stoo ya magodoro kazini.

Wanataka tahajia ya jina la Mama.

Tahajia tu! Kuna orodha ya majina mwishoni, ya wote waliofanya kazi, na kwenye karatasi nilikuwa nimeandika herufi za kwanza peke yake. Wakauliza angependa aandikwe vipi. Na wakasema mtu wao mmoja hurudia ile salamu yake kila asubuhi akiingia ofisini.

Nilikaa juu ya magodoro, nikacheka, nikalia, nikacheka. Msimamizi akafungua mlango, akaufunga polepole. Jioni nikamuuliza Mama kuhusu jina. Hakutaka lile la ubatizo litangulie. Nanjala kwanza, alisema, maana ndilo alilopewa na bibi yake mwaka wa njaa, na bibi ndiye aliyemfundisha maneno yote hayo. Nimeandika hivyo: Nanjala Loise.

Alhamisi, 20 Machi

Wametangaza. Niliitazama kwenye simu, mimi na Mama kwenye kochi, taa imezimwa kama sinema. Taifa la kwanza lenye ngoma, sikulishika vizuri. La pili likaanza na ukungu, mlima, halafu ukuta wa udongo. Mlango mwembamba. Mwanamke anatoka ameinama, anainuka, jembe begani. Anatazama mbele. "Mulembe."

Mama akajibu. Hakufikiri, alijibu tu, kama mtu amepita nje ya dirisha. Halafu akashika mdomo.

Grupu limelipuka. Hawamwachi Wafula. Eti ndiye mtu wa kwanza duniani kukimbia vita alivyokuwa ameshinda. Eti aandike dastikoti lingine, NILIKOSEA KUKOSEA. Hakujibu hata mmoja.

Alifika hapa saa mbili usiku na mfuko wa nyama mzito mno. Kilo mbili na nyongeza juu, mfupa wa supu na maini. Nilipoona maini nikajua kuna kitu. Nikamvuta jikoni nimwombe msamaha. Nilikuwa nimeupanga vizuri, kuhusu mbegu na karatasi na sahihi. Hakuniacha nimalize.

"Siste, nilijua tangu Jumapili ile. Nilikuwa kwa keja yangu Kware naangalia ibada kwa simu. Mathe alisema kila kitu."

Alikuwa amemtafuta Dada Rispa mpaka matangani kwenyewe, Jumapili hiyo hiyo, akamwomba aondoe video. Ndiyo maana hakuja kula. Halafu Jenerali alipoanza na shangazi yake, akaona watu hawanyamazi mpaka wapewe kitu kingine cha kuchekea. Akawapa.

Nikamuuliza mbona hakuniambia, nimeteseka zaidi ya wiki nzima. Akasema mimi nilikuwa nimetia sahihi, na sijui kusema uongo vizuri, uso wangu ungetuuza. Kisha akaosha mikono.

"Hiyo dastikoti ilikuwa saizi yangu. Mathe ingemlemea."

Nilimpiga bega kwa mwiko.

Jumapili, 23 Machi

Mama ametoa ushuhuda tena, mara hii kwa ruhusa. Mfupi. Dada Rispa alisogeza simu karibu.

Tumerudi, tumepika. Wafula amekuja mapema. Ameingia mlangoni ameinama, ingawa mlango wetu ni mrefu, akasema "Mulembe, Mama," na Mama akamrekebisha. Analivuta mno, anasema kama mtu wa Kware. Akarudia. Akarekebishwa tena. Wamekaa hivyo sebuleni karibu saa nzima, neno kwa neno, sufuria inachemka.

Mimi niko jikoni. Lile dastikoti alilileta lifuliwe. Nimelisugua mara mbili, wino haujatoka na hautatoka. Nimelianika, limekauka, na kwa kuwa blauzi yangu ni nyeupe na maini yanarusha mafuta, nimelivaa mimi. Mama ameuona mgongo, akasoma, hakuuliza. Linanitosha.