Maneno Yako Kuhusu Mto

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9, alasiri.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai bahasha hii imekufikia ukiwa mzima, miwani iko karibu, na lile goti lako la kushoto limeacha ukorofi. Baba mdogo naye hajambo? Bado anabishana na redio? Ukijibu usisahau kutuambia hali ya hewa ya huko, maana wewe ndiye uliyetuzoesha kuisoma kabla ya mengine.

Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, anakohoa kidogo asubuhi, na siku hizi anazunguka na bisibisi akikaza milango yote ya nyumba, hata ambayo haijalegea. Ukimuuliza anasema bawaba haisemi ikiumwa. Mimi nakula, naenda kazini, narudi. Ukitaka kujua nasikiaje moyoni, sina jibu refu. Umeingia ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Naugonga, najua ni wangu, basi.

Mwezi ujao mama atatimiza mwaka tangu atutoke. Nguo zake tumeshazigawa kama tulivyokubaliana, na baba amehamia upande wake wa kitanda. Mimi sijalia bado. Watu walinisifu msibani kwa ujasiri, nikawaacha wanisifu.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia karatasi wakati simu zipo. Kwa simu ningekusikia unapumua, ningeshindwa kuanza, na tungeishia kuzungumza habari za vitunguu.

Kazi yangu unaijua juu juu. Ukiulizwa huwa unasema naandika kwenye kompyuta, na hujakosea. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Tuko watu wanne na feni moja. Wenye bidhaa hutuletea vitu vyao, sabuni, viatu, vyombo vya plastiki, nasi tunavitungia maneno ya kuwekwa mitandaoni. Mkurugenzi wetu tumempa jina la Tutarekebisha, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila kosa. Komeo la choo lilivunjika kabla sijaajiriwa, na mpaka leo mtu akiingia huimba ili wenzake wajue yumo.

Miezi minne iliyopita ililetwa chupa ndogo ya matone ya usingizi. Mwenye bidhaa alitaka ushuhuda wa mtu aliyeyatumia yakamfaa, na aliutaka kabla ya saa tisa mchana siku ile ile. Nilimtungia shuhuda tano. Tutarekebisha akazisoma akazirudisha, akasema zimenyooka mno, zinanuka ofisi. Mtu wa kweli hasifii hivyo, alisema.

Nikafungua simu yangu nione watu wa kweli wanasifiaje. Ndipo nilipoukuta ujumbe wako wa siku ulipoupokea mto wa mama. Ule wa sufi alioulalia miaka yote, niliousheheneza upya nikaushonea foronya, nikakutumia kwa kuwa hukuwahi kuja kumzika. Uliniandikia hivi: Umefika salama mwanangu. Naulalia kila siku na usingizi umerudi. Mungu akuzidishie.

Niliupiga picha, nikakata jina lako na namba yako, nikampelekea msanifu wetu. Ile picha yako ndogo ya duara niliiacha, kwa sababu uso huongeza imani. Ningependa kukuambia kwamba nilisita. Sikusita. Saa tisa kasorobo tulikuwa tumemaliza, nikashuka kwenda kula.

Maneno yako yakakaa pembeni ya chupa. Juu yake niliandika mwenyewe: Hatusemi sisi, wanasema wao.

Sasa nikueleze sheria yenyewe, wala si ngumu. Aliyelipwa kusifia kitu aseme kwamba amelipwa, na aseme mwanzoni, mahali jicho linapofika kabla ya kidole. Na ukileta shahidi, awe mtu aliyekitumia kitu hicho hicho, na awe amekubali kwa maandishi maneno yake yatumike. Ni hayo tu. Sisi neno tangazo tulikuwa tunaliweka mkiani kabisa, baada ya msururu wa maneno yenye alama ya reli, kwa rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Ukituuliza, tulilisema. Ni sawa na mtu anayekuamkia ukiwa umeshapita.

Dada mmoja tusiyemjua alimnunulia baba yake matone yale. Mzee hakulala. Dada akarudi kwenye ukurasa, akasoma mpaka mkiani, akalikuta lile neno la kijivu, akapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa matangazo. Barua ya kutuita ilipokuja, Tutarekebisha aliisoma amesimama, akasema lile neno lake.

Tulikwenda Jumanne, mimi na yeye. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na viti visivyofanana. Afisa aliyetupokea ni mama wa makamo, mtulivu, mwenye kalamu ya risasi aliyokuwa akiigeuza geuza vidoleni. Suala la neno tangazo alilimaliza kwa dakika tano, maana halikuwa na utetezi. Kisha akautoa ujumbe wako, ameuchapa kwenye karatasi nzima, na chini ya herufi moja moja amepiga mstari.

"Matone umefika?" aliuliza. "Mimi najua matone yamefika."

Tutarekebisha hakosi jibu. "Hiyo ni u ya mzigo, mama. Mzigo umefika salama."

"Sawa. Na huo mzigo anaulalia?"

Tutarekebisha akasema mwandishi ni mtu mzima, ameteleza tu kidogo, ndiyo lugha ya watu wa kawaida. Afisa akasema hana neno, basi huyo mtu mzima aje aseme mwenyewe kwamba ameteleza, au alete maandishi yenye sahihi yake ya wino. Akatupa siku kumi na nne.

Kabla hatujaondoka aligeuza kompyuta yake upande wangu. Ile picha yako ndogo alikuwa ameikuza ikajaa kioo. Mama Mdogo, nilikuwa nimesahau kwamba pichani mko wawili. Ni ile mliyopiga mmesimama mlangoni, mama amekushikia mkoba na anacheka na mtu asiyeonekana. Afisa aliniuliza ni yupi kati yenu aliyeandika, nikakuonyesha wewe. Akauliza kama huyu mwingine naye anatumia matone. Nikajibu kwamba yeye hatumii. Akaandika.

Tulipokuwa njiani nilimwambia Tutarekebisha ukweli wote, wewe ni nani na kilicholaliwa ni nini. Hakunifokea. Tulipofika ofisini alikaa, akaandika fomu, akaniambia leo leo niitume kwako.

Fomu hiyo imo humu ndani, nimeiweka ili uione kwa macho yako. Inasema wewe ni mteja wetu, umeyatumia matone kwa hiari yako tangu mwanzo wa mwaka, na uliruhusu maneno yako yatumike. Inasema pia kwamba pale ulipoandika naulalia kalamu iliteleza, ulikusudia kuandika nayanywa. Tarehe ameirudisha nyuma miezi minne.

Wewe, uliyepiga chapa barua za wakubwa miaka ishirini na sita, ukamrudishia meneja barua yake kwa sababu aliandika mabenki yangu imechelewa. Mama alikuwa akimsimulia kisa hicho kila mgeni, hata aliyekuja kusoma mita. Nilipofika kwenye mstari ule wa kalamu kuteleza nilikasirika. Ilikuwa hasira ndogo tu, lakini ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia sawasawa tangu tumzike, nikaishikilia.

Nakuomba radhi. Maneno uliyoniandikia ukiwa na majonzi niliyachukua nikayauzia chupa. Ukurasa ule umeshaondolewa, ila watu zaidi ya elfu arobaini walikuwa wameshaupitia, na wote wamemwona mama yangu akiuza matone. Sina namna ya kulipamba jambo hilo, na kupamba ndiyo kazi niliyosomea.

Sasa nikuambie yote, usije ukayasikia kwa mwingine yakiwa na chumvi. Fomu isiporudi na sahihi yako, mwenye matone ataondoka, na hakuna mteja mkubwa kumzidi. Ama ofisi itafungwa, ama nitafukuzwa mimi ofisi ibaki. Tutarekebisha hakunificha. Uamuzi utatangazwa hadharani na jina langu litakuwemo, kwa hiyo kazi ya namna hii sitaipata tena upesi. Baba sijamwambia. Anajua tu kwamba kuna barua nakuandikia, akasema nikuulize kama milango ya kwako imekaa sawa.

Nami nakujua. Ungetia sahihi kabla hujasoma, kwa kuwa imetoka kwangu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki wa dada yako. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Namba yako Tutarekebisha anayo, aliipata kwenye kompyuta yangu ya ofisini, ilimobaki ile picha nzima kabla sijaikata, na atakupigia. Ana sauti nzuri. Atakuita mama, atakuulizia goti, atakuambia mwanao anaangamia na wewe ndiye wa kumwokoa. Katika hayo ya mwisho hatakuwa amesema uongo.

Usitie sahihi. Hata akikupigia mara kumi, hata mimi mwenyewe nikikupigia nikilegea nikakuomba, usitie.

Alhamisi nitarudi kwa afisa peke yangu. Nitamwambia kilichofika salama ni mto, na aliyekuwa akiulalia kabla yako ni yule mwenye mkoba pichani, na kwamba amefariki. Siku ile nilimjibu kana kwamba mama amekwenda sokoni mara moja. Nimejaribu kuyasema maneno hayo hapa chumbani kwa sauti, nimefika katikati, nikaacha. Bado zipo siku tatu za kujaribu.

Nisalimie sana baba mdogo. Msalimie kifungua mimba wako na mumewe, na mapacha, waambie picha zao za mahafali zimebandikwa jikoni kwetu ingawa moja ipo kichwa chini kwa uamuzi wa baba. Yule bibi jirani yako wa cherehani naye mpe salamu zangu, sijasahau kwamba ana mkasi wetu. Baba anakusalimu.

Mungu akulinde mlangoni na kitandani, akupe usingizi usiohitaji ushuhuda wa mtu yeyote.

Wako akupendaye,
Mtoto wa dada yako.

Tanbihi: Afisa alisema mtu ambaye maneno yake yametumiwa bila ruhusa anaweza kuleta malalamiko yake mwenyewe, na yake husikilizwa kwanza. Geuza ile fomu. Nyuma yake nimekuandikia anwani ya ofisi yao, na chini ya anwani nimeandika jina langu kamili kwa herufi kubwa, ili ukiandika malalamiko yako usipate taabu kulinakili.