Kitabu Kinasema Walikaa Tu

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba radhi kabla ya yote. Ni miezi mitatu sasa sijakuandikia, na najua mleta barua amekwisha kuchoka na maswali yako. Mwanangu Arletha anaota meno, hanipi usingizi, na darasani nasimama kama mtu aliyeegemezwa ukutani. Barua hii naiandika Jumamosi mchana, yeye amelala kifuani kwangu, kwa hiyo mwandiko ukipinda mlaumu yeye. Magoti yanaendeleaje? Dawa ya kikohozi unainywa, au unaificha tena nyuma ya saa? Baba yake, Thaddeus, ameandika kutoka vitani Korea. Ni mzima, analalamikia baridi tu, na anakusalimu. Nawe binamu Rosetta, unayemsomea Bibi, ukifika mahali pagumu usiruke mstari. Soma yote.

Mwaka huu nimepewa darasa la saba, watoto thelathini na wanane, umri ule wa kubishia hata jua. Vitabu vyetu ni vile vilivyochakaa katika shule ya wazungu. Ndani ya majalada bado kuna majina ya watoto wao. Mwezi wa tatu tulifika sura ya mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watu wetu walipotoka utumwani na nchi ikaanza kujengwa upya. Bibi, kitabu kinasema watu wetu walipopewa uhuru walikaa tu kusubiri kulishwa, na kwamba walipiga kura bila kujua kura ni kitu gani.

Kuna mtoto anaitwa Ozella Frierson, mjukuu wa fundi viatu, mdomo wake hauna komeo. Akanyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, kama wote walikaa tu, kanisa letu lilijengwa na nani? Popo?” Darasa likaangua kicheko. Mwenzake wa nyuma akasema, “Anayekaa tu ni babu yako, maana viatu vya mama yangu viko kwake tangu Krismasi.” Ozella akamjibu kwamba viatu vimechelewa kwa sababu ngozi imekwisha, miguu yenyewe kama mitumbwi.

Niliwanyamazisha, lakini swali halikunyamaza. Nikawapanga wawili wawili tukaenda kanisani kwa miguu. Jiwe la msingi limeandikwa 1867, miaka miwili tu baada ya vita. Nikawaambia kila mmoja akaulize nyumbani wazee wake walifanya nini miaka ile. Ungekuwepo, Bibi! Mmoja alileta cheti cha ndoa cha watu waliokuwa wameishi pamoja miaka thelathini. Sheria iliporuhusu tu, wakaenda kufunga ndoa, na wajukuu wakiwa wamewashika mikono. Mwingine alileta kipande cha gazeti ambamo mama mmoja anawatafuta wanawe wawili waliouzwa Georgia, ameeleza mpaka makovu yao. Siku ile hakuna aliyecheka. Mimi nikawasimulia habari za baba yako, Mzee Isom, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa katika kamati ya kwanza ya shule na akapasua mbao za madawati kwa mikono yake. Ozella akauliza mtu asiyejua kusoma anatafuta nini kwenye kamati ya shule. Nikamwambia, hicho hicho asichokijua.

Mwalimu mkuu, Bwana Gaillard, akaniita. Si mtu mbaya. Aliongea huku akitazama nje: binti yangu, una mtoto mchanga, mume yuko vitani, mikataba yetu inasainiwa upya mwezi wa sita, na Alhamisi mkaguzi wa kaunti anakuja. Fundisha kitabu.

Sasa Bibi, nikuambie kilichochelewesha barua. Meno ya Arletha nimeyasingizia. Mkaguzi alikuja akakaa nyuma. Nikafungua ukurasa ule ule, nikamsimamisha Ozella asome, kwa kuwa ndiye msomaji wangu bora. Kwanza alinitazama, aone kama natania. Kisha akasoma yote kwa sauti safi, kwamba watu wetu walikaa tu. Mkaguzi akasema mtoto anasoma vizuri. Ozella akaketi, akakifunga kitabu polepole. Nami nilijua, Bibi. Nilikulia magotini pako nikisikia ukweli, na bado nikamkana baba yako mbele ya watoto.

Jumatatu niliwaomba radhi. Niliwaambia mwalimu wao alikubali uongo usomwe kwa sababu aliogopa. Ozella akasema tu, “Sasa je?” Nikajibu kuwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa tano tutalirudia somo lile, wazazi wakiwa wamekaa humo humo darasani, na kila mtoto atasimama na kitu chake. Bwana Gaillard amenijulisha kwamba siku hiyo atakuwa mgonjwa. Mkataba wangu haujasainiwa, na huenda usisainiwe. Nimeliwaza jambo hili nikiwa na mtoto mkononi, nimeamua, usiniandikie kunizuia. Kinachoniuma ni wewe, uliyefua nguo za watu mpaka vidole vikakakamaa ili mimi niwe mwalimu. Nikipoteza kazi, nitakuwa nimepoteza jasho lako. Nisamehe kwa yaliyopita, na kwa yatakayokuja.

Wasalimie wote wa kwaya, na Shangazi Lovey mwambie kofia inamkaa mtoto vizuri. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Naomba unitumie haya, Rosetta ayafunge vizuri: pini sita za nepi; chupa mbili za jamu ya pichi; ile hati ya kamati ya shule yenye alama ya kidole cha Mzee Isom, iliyo chini kabisa ya sanduku lako, najua hujawahi kumpa mtu, nitairudisha kwa mkono wangu; jina la mama yake Mzee Isom, maana watoto waliniuliza nikakosa la kusema; na jibu lako, kama chumba cha nyuma kina nafasi ya watu wawili.

Mjukuu wako,
Verdell